Mpeni maua yake leo, jiwe lisubiri



Alfajiri ya tarehe 15 Septemba 2025, wengi wetu hapa Dodoma tukiwa bado tumelala, mtoto wa Singida alikuwa Tokyo akimaliza mbio za marathoni za ubingwa wa dunia. Alphonce Felix Simbu aliingia uwanjani akiwa nyuma kidogo ya Mjerumani Amanal Petros, akamfikia katika mita za mwisho, na wakavuka mstari pamoja hivi kwamba ilibidi picha iamue. Wote wawili waliandikiwa muda wa saa 2:09:48. Kati yao kulikuwa na tofauti ya sekunde 0.03, na dhahabu ikawa ya Simbu. Ni dhahabu ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Tangu siku hiyo nimelisikia swali moja mara nyingi: sokoni hapa Majengo, kwenye vijiwe vya bodaboda, hata nje ya kanisa baada ya Misa. Kwa nini barabara isiitwe Simbu? Kwa nini mmoja wa viwanja vinavyojengwa sasa usibebe jina lake? Na wale vijana wetu wa mpira je, waliotupeleka AFCON? Watu wazima wengine hutikisa kichwa na kusema huyo bado kijana, hayo majina ni ya watu wazito. Vijana nao hujibu kwamba uzito wenyewe ni nini, kama si kuifanya bendera ipande juu mbele ya dunia nzima?

Swali hili linastahili jibu, kwa sababu jina si kitu kidogo. Sisi tunaobatiza watoto tunalijua hilo. Mzazi akifika ofisi ya parokia, jambo la kwanza tunalomuuliza ni jina. Tunampa mtoto mtakatifu somo ili awe na mtu wa kumtazama maisha yake yote. Kuchagua jina ni kusema: mfano wetu ndio huu. Basi mji unapoweka jina la mtu kwenye uwanja au barabara, unakuwa umewapa watoto wake wote somo mmoja. Hilo halifanywi kwa furaha ya wiki moja.

Jibu langu ni hili. Vijana wetu wa michezo wanastahili heshima ya hadharani, tena zaidi ya ile tunayowapa sasa. Lakini heshima ziko za aina mbili, na tumezichanganya. Iko heshima ya maua na iko heshima ya jiwe. Maua hutolewa leo, yangali mabichi. Jiwe husubiri mbio ziishe.

Siku hizi vijana wana msemo: mpe maua yake. Maana yake ni kwamba umsifu mtu angali hai, usingoje kumsifia makaburini. Ni msemo mzuri, na Mtakatifu Paulo angeuelewa. Korintho, mji aliouandikia barua mbili, ulikuwa jirani na mahali palipofanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili. Mshindi wa pale alivikwa taji la majani kichwani. Ndiyo maana katika Waraka wa kwanza, sura ya 9, Paulo anawakumbusha Wakorintho jambo waliloliona kwa macho yao: wakimbiaji wengi, mshindi mmoja, mazoezi makali, na mwisho wake taji linaloharibika. Hasemi taji lile ni dhambi. Hawakemei wanamichezo. Anawatumia kama walimu wa nidhamu kwa Wakristo wavivu. Anachokumbusha tu ni kwamba majani ni majani.

Nami naona hekima katika taji la majani. Lilimpa kijana furaha kamili siku ile, halafu likanyauka, likamwacha huru. Kesho yake alirudi mazoezini akiwa mtu kama watu. Hakubeba jiwe kichwani.

Sasa tazama upande wa pili. Katika Kitabu cha pili cha Samweli yuko kijana aliyesifiwa kuliko wote katika Israeli. Sura ya 14 inasema hakuwa na kasoro tangu unyayo hadi utosi. Ni Absalomu, mwana wa Daudi. Kijana huyu alijisimamishia nguzo ya ukumbusho katika Bonde la Mfalme na kuipa jina lake mwenyewe. Ukifungua sura ya 18 utakuta mistari miwili inayofuatana. Mstari wa 17 unaeleza jinsi mwili wake ulivyotupwa shimoni msituni na kufunikwa kwa rundo kubwa la mawe, baada ya kumwasi baba yake. Mstari wa 18 unaitaja ile nguzo. Mwandishi ameyaweka mawe hayo mawili jirani, bila maelezo yoyote. Moja alilijenga mwenyewe akiwa nyota. Lingine alilirundikiwa na watu mwisho wa safari yake. Msomaji aamue lipi lilisema kweli.

Ninamtaja Absalomu si kwa sababu vijana wetu wanafanana naye. Wengi wao ni watoto wa wakulima, waliokimbia vumbini kabla hawajavaa viatu vya maana. Namtaja kwa sababu kisa chake kinaonyesha jiwe lilivyo: halisubiri, halisikilizi, halibadiliki mwenye jina anapobadilika. Na kijana ni mtu ambaye bado anabadilika. Hiyo ndiyo raha ya ujana, na ndiyo hatari yake.

Wapo majirani zetu wa kutufundisha. Samuel Wanjiru wa Kenya alishinda marathoni ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 21, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Mei 2011, akiwa na miaka 24, alianguka kutoka ghorofani nyumbani kwake akafa. Ruth Chepngetich alikimbia Chicago Oktoba 2024 kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Mwaka mmoja baadaye alifungiwa miaka 3 kwa kosa la dawa zilizokatazwa michezoni. Siwataji ili kuwahukumu. Hukumu ni ya Mungu, na mmoja wao ameshasimama mbele yake. Nawataja kwa sababu nchi nzima iliwabeba mabegani, na nijuavyo mimi binadamu, kubebwa mabegani na watu milioni hamsini ni mzigo mzito kwa anayebebwa. Anaogopa kushuka. Anaogopa kuugua, kushindwa, kuzeeka. Jina ukutani lingewasaidia nini vijana hawa? Lingewaongezea uzito tu.

Ndiyo maana nasema kungoja si dharau. Kungoja ni upendo. Ukimwandika kijana wa miaka 22 juu ya ukuta, unamwambia: umeshamaliza, hakuna zaidi ya hapa. Kila mbio atakazoshindwa baada ya hapo zitaonekana kama usaliti kwa ule ukuta. Lakini mtu ni mkubwa kuliko medali yake. Simbu mwenyewe ni ushahidi. Alipata shaba ya dunia London mwaka 2017, tukamshangilia, kisha wengi tukamsahau. Yeye aliendelea. Ilichukua miaka 8 kutoka shaba ile hadi dhahabu ya Tokyo, na katikati kulikuwa na mbio ambazo magazeti hayakuziandika. Wakulima wa zabibu hapa Dodoma wanaelewa jambo hili. Mche uliopandwa leo hausifiwi kwa majani yake mazuri ya mwaka wa kwanza. Unapaliliwa, unamwagiliwa, unapogolewa, na sifa huja pamoja na mavuno.

Paulo naye alijua kungoja. Linganisheni barua zake mbili. Katika ile ya kwanza kwa Wakorintho, bado yuko katikati ya mbio, na anasema waziwazi kwamba anautesa mwili wake kwa hofu ya kukataliwa mwenyewe baada ya kuwahubiria wengine. Huyu ni mtume, mwanzilishi wa makanisa, na bado hajithubutishi kujiita mshindi. Lakini katika barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 4, akiwa kifungoni na kifo kikimkaribia, ndipo anaposema kwamba mwendo ameumaliza na taji linamngoja. Hakulisema neno hilo njiani. Alilisema mwishoni. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 11, anatuonya tusimwite mtu mwenye heri kabla ya mwisho wake.

Kanisa limeifanya hekima hii kuwa utaratibu. Kwa kawaida inapita miaka 5 baada ya kifo ndipo mchakato wa kumtangaza mtu mwenye heri au mtakatifu unapoanza, na mara nyingi inachukua miaka mingi zaidi. Mtu asidhani Kanisa linadharau vijana. Tarehe 7 Septemba 2025, wiki moja tu kabla ya mbio zile za Tokyo, Papa Leo XIV aliwatangaza watakatifu vijana wawili kwa siku moja. Carlo Acutis alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Pier Giorgio Frassati, mpenzi mkubwa wa kupanda milima, alifariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24. Mmoja alisubiri miaka 19, mwingine miaka 100. Hakuna aliyepungukiwa na kitu kwa kusubiri. Ujana haukuwazuilia madhabahu. Kilichotakiwa ni muda, ili ijulikane ni kipi kilikuwa dhahabu na ni kipi kilikuwa mng'ao wa kupita.

Najua kuna watakaonipinga, na wana hoja.

Wa kwanza atasema: Padri, mbona viongozi hawangoji? Hapo nanyamaza kidogo, kwa sababu anasema kweli. Tazama majina ya viwanja vyetu vya michezo. Dar es Salaam tuna Benjamin Mkapa, Mbeya tuna Sokoine, Tabora tuna Ali Hassan Mwinyi, Arusha tuna Sheikh Amri Abeid, Iringa tuna Samora. Wote ni watu wa heshima katika historia yetu na ya Afrika, na wengine wao walipewa jina baada ya kufariki, kama ilivyofanyika kwa Mzee Mkapa mwaka 2020. Lakini katika hao niliowataja hakuna hata mmoja tunayemkumbuka kwa kukimbia, kuruka, kupiga ngumi au kufunga bao. Viwanja vya michezo vimejaa majina ya siasa, kana kwamba michezo haijazaa mtu. Hapa kwetu uwanja unaitwa Jamhuri, na huo tuuache kama ulivyo, maana ni jina la kila mtu. Kwa mwenye hoja hii nasema: kipimo kiwe kimoja. Kama kijana wa mbio anatakiwa kusubiri amalize mwendo wake, basi na mwenye cheo asubiri amalize wake. Nabii Samweli aliposimamisha jiwe baada ya ushindi, kama tunavyosoma katika kitabu chake cha kwanza, sura ya 7, aliliita Ebenezeri, jiwe la msaada, kwa heshima ya Bwana aliyewasaidia. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nchi siku ile, na jina lake hakuliweka.

Wa pili atasema: watoto wanahitaji kuona jina la kijana kama wao, si majina ya wazee tu. Hoja hii naipenda. Mtoto wa Majengo anayecheza na mpira wa makaratasi anahitaji kujua kwamba mtu aliyelelewa katika nchi hii kavu ya kati anaweza kufika Tokyo. Lakini kumwonyesha hivyo si lazima tuchonge jiwe. Mwiteni Simbu aje shuleni, akimbie nao mzunguko mmoja, awaambie alikula nini na aliamka saa ngapi. Yapeni mashindano ya shule jina lake kwa mwaka huu. Anzisheni ufadhili wa masomo kwa wakimbiaji wadogo wa mkoa wake. Mpeni mti aupande kando ya barabara, na watoto waumwagilie wakati wa kiangazi. Hayo yote ni maua, na maua hayana kikomo.

Wa tatu, na huyu ndiye mwenye uchungu zaidi, atasema: Padri, ukisema tungoje, tutasahau. Sisi ni taifa la kusahau. Huyu simpingi. Namwambia tu kwamba kama tatizo ni kusahau, dawa yake ni kuanza na wale ambao tumekwisha kuwasahau. Tuna foleni, na walio mbele ya foleni hiyo si vijana.

Mkumbukeni John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu. Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico, alianguka katikati ya marathoni na goti lake likaumia vibaya. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa mwisho. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amefika zaidi ya saa nzima kabla yake. Giza lilishaingia, watu wachache walibaki uwanjani, naye akaja akichechemea na goti lililofungwa bandeji. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile akaanze mbio, ilimtuma akazimalize. Mwaka 1983 alipewa nishani ya taifa. Dunia nzima inamtaja katika mafunzo ya uvumilivu. Je, watoto wetu wanamjua?

Mkumbukeni Filbert Bayi. Februari 1974 huko Christchurch, akiwa na miaka 20, aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa muda wa 3:32.2. Mwaka uliofuata akavunja na rekodi ya dunia ya maili moja. Dunia ilingoja kumwona akipambana na John Walker wa New Zealand katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hakwenda. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker akachukua dhahabu. Sisemi nchi ilikosea, maana utu wa ndugu zetu wa Afrika Kusini ulikuwa na thamani kuliko medali. Nasema kwamba bei ya msimamo ule ililipwa kwa miguu ya kijana mmoja, katika miaka yake bora. Mwaka 1980 Moscow alipata fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5000. Medali hizo mbili ndizo pekee Tanzania imewahi kuzipata katika Olimpiki. Baadaye Bayi alijenga shule. Huyo tumemwona akiwa kijana, tumemwona akiwa mzee. Tuna haki ya kusema tunamjua.

Mkumbukeni Juma Ikangaa, mtoto wa kanda hii yetu ya kati. Boston alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01. Alifundisha kwa maneno na kwa matendo kwamba kutaka kushinda hakuna maana kama hutaki kujiandaa. Nikitembea Dodoma na kusoma vibao, nakutana na Nyerere Square, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Soko la Job Ndugai. Mimi ningefurahi siku moja nikutane na barabara ya Ikangaa, japo fupi, japo ya vumbi, mradi iwe mahali watoto wanapopita wakikimbia kwenda shule.

Wenzetu wamethubutu. Eldoret kuna Uwanja wa Kipchoge Keino. Addis Ababa kuna uwanja wenye jina la Abebe Bikila, aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu na Tokyo mwaka 1964. Bikila alipata ajali ya gari mwaka 1969, hakutembea tena, lakini alishiriki mashindano ya kulenga mishale akiwa katika kiti cha magurudumu. Alifariki mwaka 1973. Anayepita kwenye uwanja ule hasomi habari ya miguu tu. Anasoma habari ya mtu aliyeendelea hata miguu ilipokufa.

Na jiwe halihitaji kungoja medali. Rebecca Cheptegei wa Uganda alimaliza wa 44 katika marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Wiki chache baadaye alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyewahi kuwa mwenzi wake, na tarehe 5 Septemba alifariki dunia. Mji wa Paris ulitangaza kwamba eneo la michezo litapewa jina lake. Wa 44! Huko Paris walielewa kwamba jina la mahali si zawadi ya kasi. Ni ahadi kwamba hatutanyamaza juu ya jambo fulani. Akhwari wa mwisho, Cheptegei wa 44: hawa wanaweza kuwafundisha watoto wetu mengi kuliko mabingwa wengi.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni la mkate. Machi 2019, Taifa Stars ilipoifunga Uganda mabao 3 kwa 0 na kufuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980, Rais Magufuli aliwapa wachezaji viwanja vya kujenga nyumba hapa Dodoma. Siku hiyo hiyo alikumbukwa pia Peter Tino, ambaye bao lake la ugenini kule Ndola ndilo lililotupeleka kwenye fainali zile za 1980. Ilikuwa imepita miaka 40. Namshukuru Mungu kwamba alikumbukwa. Lakini nauliza: kati ya bao na kumbukumbu, miaka 40 yote ile, wangapi wa kizazi chake waliugua bila bima, waliuza jezi zao, walizikwa kwa michango ya majirani? Haki si zawadi ya siku ya shangwe. Kijana wa michezo anapaswa kuwa na mkataba unaosomeka, matibabu anapoumia, akiba ya uzeeni, na mtu mwaminifu wa kumshauri kuhusu fedha kabla matapeli hawajamfikia. Hiyo ndiyo heshima ambayo kijana wa miaka 20 hajui kuiomba, na ndiyo anayoihitaji kuliko kibao cha barabara. Tukimpa jina ukutani huku tukimwacha afe maskini chini ya ukuta huo, tutakuwa tumerudia kosa lile ambalo Bwana wetu aliwakemea nalo waandishi na Mafarisayo: kupamba makaburi ya manabii.

Basi ninapendekeza hivi kwa halmashauri, kwa vyama vya michezo, na kwa yeyote mwenye kalamu ya kuandika vibao. Kwa kijana aliye mbioni: shangwe, tuzo, matibabu, akiba, na mialiko mashuleni, leo hii. Kwa mzee aliyemaliza mwendo na tukamwona hadi mwisho: jina, mahali panapoonekana, akiwa hai kama bado Mungu amemtunza kwetu. Kijana akistahili, foleni itamfikia. Na ninaamini Simbu mwenyewe, mwanajeshi anayejua maana ya kutangulia na kufuata, hatakuwa na kinyongo akiwaona Akhwari, Bayi, Nyambui na Ikangaa wakipita mbele yake.

Nasi tusio na medali tusijione tuko nje ya jambo hili. Majengo yetu haina jina la mtu. Karibu kila mji wa nchi hii una Majengo yake. Hapa wamezaliwa, wameuza nyanya, wamelea yatima na wamezikwa watu wengi ambao hakuna kibao kitakachowataja. Lakini Yesu aliwaambia wale wanafunzi 72, waliporudi wakishangilia ushindi wao, kwamba furaha yao iwe hasa kwa sababu majina yao yameandikwa mbinguni. Soma Luka, sura ya 10. Huko hakuna mvua ya kufuta rangi, wala hakuna kikao cha kubadilisha jina.

Wiki hii, mzazi, mwambie mtoto wako habari za mmoja wa wazee hawa niliowataja. Na kama katika mtaa wako yuko mwanamichezo wa zamani anayeishi peke yake, mpitie. Mpelekee maua yake, hata kama maua hayo ni kilo mbili za unga.